Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Kwa Nini Kamati ya Maji na ya Nishati Sasa Ni Moja

Ndugu wanachama, wazee wetu, na nyie mliojiunga mwaka huu, salaam. Mambo ya kawaida nayapitia harakaharaka maana mnayajua: mikutano ya kila robo mwaka imefanyika, jarida limetoka mara mbili, maktaba imepangwa upya, hesabu zimekaguliwa na hamna hoja. Wanachama tuko 61, waliolipa ada 24, mkutano wa tatu walikuja 9 wakati akidi ni 20. Hili la mwisho nitalirudia, wala sitalirudia kwa upole.

Sasa nije kwenye lile linalosemwa pembeni tangu kamati ya maji na kamati ya nishati ziunganishwe. Nasikia eti mwenyekiti kaamua peke yake. Sio kweli, lilipita kamati tendaji, mihtasari ipo kwa katibu, asiyeamini akaisome. Kwamba wazo lilitoka kwangu hilo sikatai, lilitoka kwangu na andiko zima nililiandika mimi, na hata leo mkiniuliza ningefanya vilevile.

Jamani, chama chetu kinaangalia nyumba ya mtu maskini kwenye nchi za milima. Hebu ingieni kwenye nyumba hiyo wakati wa baridi kali, umeme uko kwenye mgao, pampu imelala, bomba limeganda. Mama anajaza theluji kwenye sufuria mpaka juu anaweka motoni, theluji mpya ikiyeyuka inabaki maji kama sehemu moja ya kumi tu, anaongeza, inashuka, anaongeza tena. Na kuyeyusha kilo moja ya barafu kunakula joto sawa na kupasha lita moja ya maji kutoka nyuzi 10 mpaka 90, yaani kuni zimeshaliwa na hajabandika chakula. Alafu kwenye mwinuko wa mita 3000 maji yanachemka kwenye nyuzi 90 hivi badala ya 100, kwa hiyo kila kigumu kinachelewa kuiva na moto unazidi kuliwa. Huyu mama tulikuwa tunamjadili kwenye kamati mbili, siku mbili tofauti, na kila kamati inasema hilo ni la wenzetu.

Au chukueni dumu la lita 20. Kulipandisha mita 100 kwa pampu, ukiacha unaopotea njiani, unahitaji umeme wa kuwasha taa ya wati 10 kwa nusu saa hivi, basi. Kwa kukosa umeme kidogo namna hiyo mtu anabeba kilo 20 mgongoni, anapanda nazo, kesho tena na keshokutwa tena. Sasa hilo ni tatizo la maji au la nishati?

Wapo waliosema nimeng'ang'ania Tajikistani na Kirgizistani, zile nchi za milima za Asia ya Kati, kupita kiasi. Nimeng'ang'ania kwa sababu kule ndo jambo linaonekana wazi. Enzi za Muungano wa Kisovieti, hizi mbili za juu, mito inakoanzia, ziliachia maji kiangazi yakamwagilie pamba na mashamba ya Uzbekistani na Kazakhistani, na wale wa chini wakarudisha gesi na makaa ya mawe wakati wa baridi. Baada ya 1991 mpango ukavunjika, mafuta na gesi vikawa vya kununua kwa bei ya soko, na nchi maskini ya milimani ikabaki na mito ambayo kiangazi inafurika na baridi inapungua, wakati nyumba zinataka joto. Majira ya baridi ya 2007 kuingia 2008 Tajikistani iliona cha moto, baridi ilizidi, maji ya bwawa lao la umeme la Nurek yakashuka, umeme ukakatwa hata mijini, mabomba yakaganda na maji yakakosekana humohumo. Ukuta wa bwawa hilo una mita 300, kwa miaka mingi hakukuwa na mrefu kuliko huo duniani, na bado vijijini watu walikaa miaka wakipata umeme saa chache kwa siku majira ya baridi, wakiwasha samadi iliyokaushwa ndani ya nyumba, samadi ambayo ingekuwa mbolea shambani. Kirgizistani nako bei ya umeme na joto ilipopandishwa mwanzoni mwa 2010, hasira hiyo ilikuwa moja ya sababu zilizoiangusha serikali Aprili mwaka huohuo.

Wenzetu wa iliyokuwa kamati ya maji wanahofia maji yatamezwa, kwamba umeme una mabwawa makubwa na wafadhili wakubwa na chemchemi ya kijiji haina mtetezi. Hofu hiyo naiheshimu na ina ushahidi. Lesotho ilisaini mkataba na Afrika Kusini mwaka 1986, maji ya milimani yakaanza kupelekwa Gauteng, jimbo la Johannesburg, 1998, mtambo wa umeme wa Muela wa megawati 72 ukajengwa kwenye mkondo huohuo, na bado vipo vijiji vya milimani karibu na mabwawa ambako watu wanachota chemchemini. Lakini angalieni, hapo maji na umeme vimeshafungwa kwenye mradi mmoja na waliopanga, sasa sisi tukivitenganisha tunamtetea nani? Hata Nepali, maji ya mto Melamchi yalifika mji mkuu Kathmandu Machi 2021 kwa handaki la kilomita zaidi ya 25, Juni hiyohiyo mafuriko yakafukia chanzo. Mlima hauulizi kamati gani inahusika.

Kinachoniuma ni kwamba wengi wa wanaolalamika hawakuwepo siku ya kujadili, kwenye ule mkutano wa tatu. Watu 9! Kati ya 61! Taarifa ilitumwa mapema, viti vilipangwa, msemaji alijiandaa, na tukakaa kungojea akidi mpaka giza likaingia. Na wadaiwa 37 wa ada wamo humohumo wenye sauti kubwa. Jarida la pili lilikaribia kukwama, nililipia uchapaji kwa hela yangu, sidai kurudishiwa ila nataka ijulikane.

Mwakani tunatarajia, Mungu akijalia na hela ikipatikana, kuanza somo la chemchemi zinazokauka milimani, na majiko sanifu nayo tuyaangalie vizuri, maana Shirika la Afya Duniani linakadiria moshi wa majumbani uliua watu milioni 3.2 mwaka 2020. Pengine na safari ya mafunzo, tutaona.

Mkutano mkuu mweka hazina atafika nusu saa kabla, kitabu kipya cha risiti anacho, na hoja ya kuvunja kamati ya pamoja imewekwa kwenye ajenda kama ilivyoombwa. Kwa katiba yetu wanaopiga kura ni waliolipa.