Barua kwa swahibu yangu kuhusu mahali pa kutia udhu

Mwanza

Swahibu yangu mpendwa,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Natumaini barua hii itakukuta wewe, shemeji na watoto mkiwa wazima wa afya. Sisi huku hatujambo, alhamdulillahi, na Babu wa Igogo anakusalimu sana. Kimya kimekuwa kirefu pande zote mbili, lakini jambo lililonifanya nishike kalamu leo halingojei.

Kamati ya msikiti wetu imepata fedha za kujenga upya sehemu ya udhu, na itakaa baada ya sala ya Ijumaa ijayo ili kuamua. Wengi wanapendelea pampu iwekwe pale pale ufukweni, ivute maji ya ziwa moja kwa moja hadi kwenye mabomba bila kupitia tangi lolote, kwa kuwa maji ya mamlaka mtaani kwetu hayatoki kila siku. Kaka yetu wa Mwaloni amekwisha kuahidi pampu. Nafuu ya gharama naiona. Kinachoninyima usingizi ni kichocho.

Unajua jinsi ugonjwa huu ulivyo mwenyeji wa kando ya ziwa letu. Kinyesi cha mgonjwa kikifika majini, mayai ya minyoo yaliyomo huanguliwa, vijidudu huingia ndani ya konokono, kisha hutoka humo vikiwa vingine, vidogo visivyoonekana kwa macho, na hivyo ndivyo vinavyopenya ngozi ya mtu kwa muda wa dakika chache tu. Sasa fikiria mtu anayeosha uso, mikono hadi viwikoni na miguu hadi vifundoni, sala baada ya sala, kwa maji yaliyovutwa kwenye majani ya ufukweni ambako konokono hao hukaa. Na wanaotawadha kwa wingi zaidi msikitini kwetu ni watoto wa madrasa.

Nilipolieleza hili, Maalim alijibu kwamba maji ya ziwa ni twahara na yanatwaharisha, na hapo sina ubishi naye hata kidogo. Lakini maji kuwa twahara ni jambo moja, na kuwa salama kwa mwili ni jambo jingine. Wanazuoni wetu wa madhehebu ya Imamu Shafi walilitenganisha hilo zamani: maji yaliyopashwa moto na jua katika chombo cha madini waliyahesabu kuwa twahara, yenye kutwaharisha, na bado wakayakirihisha kwa kuchelea madhara ya ngozi. Ikiwa waliitazama ngozi ya mwenye kutawadha kwa uangalifu wa namna hiyo, sioni kwa nini sisi tuipuuze.

Dawa yenyewe haihitaji mtambo. Vijidudu vile vikikosa mwili wa kuingia, hufa ndani ya siku mbili. Kwa hiyo napendekeza matangi mawili yenye mifuniko, na wavu kwenye mdomo wa bomba la kuvutia ili konokono wasipite: moja lijazwe na kupumzishwa kwa saa 48, huku jingine likitumika. Hapo ndipo matumizi yanapokuwa na uzito. Mtume (s.a.w.), kama alivyopokea Anas, alikuwa akitawadha kwa mudi moja, ambayo ni kama theluthi mbili za lita. Tuseme siku ya Ijumaa wamekuja watu 200: kila mmoja akitumia lita 3, ni lita 600, wakiacha koki wazi na kila mmoja akamaliza lita 10, ni lita 2,000 kwa sala moja, na tangi litakauka kabla lenzake halijamaliza kupumzika.

Wazee wenye asili ya Pwani wanataka birika la kuchota kwa kata, nami nawaelewa, maana ndilo walilolelewa nalo. Ila maji ya birika yakipungua chini ya qullatain, yaani kiwango ambacho chini yake fiqhi huyahesabu maji kuwa machache, tutaingia katika masuala ya mikono inayotumbukizwa, na likiachwa wazi litahitaji mtu wa kulisafisha daima. Mimi naona koki ndogo, na mbele ya kila koki kikalio cha saruji. Babu anatawadha akiwa amesimama, akiinua mguu hadi kwenye karo huku ameshika ukuta uliolowa, na kila mara naogopa ataanguka. Mtu aliyeketi huosha visigino vyake kwa utulivu, na unajua onyo la Mtume (s.a.w.) kuhusu visigino visivyooshwa vizuri.

Kuhusu vyoo, nimeomba jambo moja tu: shimo liwe mbali na ufuo, maana kinyesi kikivuja ziwani tutakuwa tunaurudisha ugonjwa ule ule tunaoukimbia.

Wewe ndiye fundi, na misikiti uliyoijengea huko Kilwa najua ni mingi. Je, kikalio kiwe na kimo gani ili mzee aketi na kuinuka bila kushikwa mkono? Kati ya koki na koki mnaacha nafasi kiasi gani? Sakafu mnaimalizia kwa nini ili isiteleze? Je, maji ya udhu mnayaelekeza kwenye shimo lake peke yake, au yanaweza kumwagilia miti? Na unaweza kunichorea ramani, hata ya mkono, ikanifikia kabla ya Ijumaa, ili niingie kikaoni nikiwa na kitu cha kuwaonyesha?

Wasalaam,
Nduguyo wa Mwanza