Barua ya wazi kwa Mkuu wa Mkoa wa Lindi: tunaomba mpima kabla ya moto

Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa,

Salaam nyingi. Mimi ni mkulima wa korosho na ufuta, na mjumbe wa kamati ya maliasili katika kijiji kilicho chini ya uwanda wa juu wa Rondo, upande unaotazama bonde la Lukuledi. Nina ombi moja: tuletewe mpima ardhi kabla watu hawajaanza kuchoma mashamba.

Kule juu uwandani kuna hifadhi ya Serikali, ina wenyewe. Nasemea msitu wa huku mteremkoni, ulio kwenye ardhi ya kijiji. Mkutano mkuu uliridhia tuutenge, muhtasari ukasainiwa, ukapelekwa. Tangu hapo ni njoo kesho, mara mtaalamu kasafiri, mara gari halina mafuta. Safari ya tatu nikaambiwa faili halionekani. Bahati nzuri mwenyekiti wetu hana imani na makabati ya watu. Nakala anayo nyumbani, kwenye kopo la biskuti.

Faili likitafutwa, mapanga hayapumziki. Simlaumu anayefuata ufuta. Ufuta unapenda ardhi mpya: mwaka wa kwanza magugu machache, unavuna unacheka, mwaka wa tatu palizi inakutoa roho, unasogea mbele, na mbele ni msituni. Hata mimi nimefyeka huko, sijifanyi malaika. Halafu unakuja moto wa kusafishia shamba, ambao ukishapata upepo haukumbuki nani kauwasha.

Chemchemi yetu zamani ilijaza ndoo hujamaliza kusalimiana na jirani. Septemba iliyopita mke wangu alitoka alfajiri, akakuta ndoo zimepanga foleni. Wanachota kwa kata, wanangoja tope litulie, wanachota tena. Alirudi jua limeshawaka, na ndoo moja. Ukisimama kwenye chemchemi ile ukainua macho, unaliona shamba jipya, visiki bado vyeusi.

Yupo pia komba wa Rondo, mnyama wa gramu 60 hivi, mwenye mkia kama brashi ya kusugulia chupa, asiyepatikana nje ya Tanzania. Watafiti wametoka mbali kuja kumtafuta kwa tochi. Sisi tuliokua naye tulimhesabu kelele za usiku tu.

Wala hatuombi jambo geni. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inaruhusu kijiji kuwa na msitu wake wa hifadhi, kuvuna kwa mpango na kubaki na mapato. Ni mkoa wako huu huu, kule Kilwa, ambako Kikole na Kisangi walipata cheti cha kimataifa cha misitu mwaka 2009, wakauza mpingo wakiwa na kauli juu ya bei. Huku kwetu gogo linaondoka usiku, kijiji kinaachiwa kisiki.

Mipaka tutaifyeka wenyewe, vijana wapo, na chakula cha mpima tutachangishana. Kilichobaki ni vipimo, na sheria ndogo zetu zipitishwe halmashauri.

Ukija mwenyewe, Mheshimiwa, fika mapema. Twende kwanza kwenye chemchemi, mkutano baadaye. Gari liache chini ya mwembe wa shule. Kutoka hapo ni kwa miguu.

Wako,
Mjumbe wa kamati ya maliasili ya kijiji, Lindi