Barua ya wazi kwa Mkuu wa Mkoa wa Dar es Salaam: Bustani ya Msimbazi iyaachie maji nafasi

Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa,

Nimekulia Kigogo, upande wa bondeni. Desemba 2011 maji yalipotuingilia ndani, mama alitupandisha juu ya paa la jirani, yeye akabaki chini ameshikilia godoro lililokuwa likielea. Mafuriko yale yaliua watu zaidi ya 40 jijini. Majirani zetu wengi walipewa viwanja Mabwepande, mbali na katikati ya jiji, na baadhi walirudi kwa sababu riziki yao ilikuwa Kariakoo.

Sasa bonde la Msimbazi linabadilishwa. Kwa mradi ambao Benki ya Dunia iliukopeshea dola milioni 200 mwaka 2022, Jangwani itapata daraja refu, na palipokuwa na nyumba patakuwa na bustani ya jiji. Naiunga mkono kwa moyo wote. Ninachoomba ni kwamba isije ikawa bustani ya zege na nyasi za kutazamwa tu.

Mto huu hushuka kutoka vilima vya Pugu ukikokota mchanga na taka zetu. Mvua kubwa ikikutana na bamvua, yaani bahari inapojaa kupita kawaida, pale Salenda mto unapoingia baharini, bahari hulikataa lile furiko, nalo hurudi Jangwani. Kwa hiyo viwanja vya mpira vichimbwe viwe chini kuliko barabara: watoto wacheze kiangazi, masika vigeuke mabwawa. Kingo zishikwe na matete badala ya kuta. Mikoko ya Salenda iongezwe, maana ndiyo hunasa matope na kuvunja nguvu ya mawimbi.

Usanifu wa mandhari, fani ya kupanga bustani na maeneo ya wazi, unafundishwa hapa hapa, Chuo Kikuu Ardhi. Vijana hao waitwe, wakae mkeka mmoja na wakulima wa mchicha wa bondeni. Hawa wanajua maji hufika mti gani, na mchanga hulala upande upi. Hilo la mchicha nalisisitiza, Mheshimiwa. Maji ya mto ni machafu, ni kweli. Basi watafutiwe maji salama, matuta yao yawe sehemu ya bustani. Wakiondolewa, akina mama wanaonunua mafungu alfajiri na kuyatembeza mitaani watakosa kazi pamoja nao.

Masika ijayo, siku ya bamvua, tunaomba utembee nasi kutoka Kigogo hadi Salenda. Alama za matope bado zipo ukutani, tutakuonyesha.

Wako katika ujenzi wa Taifa,
Mkazi wa Kigogo