Swahiba, kuhusu ile ishu ya maktaba

Swahiba,

Mambo vipi? Mi niko poa, kazi tu ndo zinanikimbiza. Meseji yako niliiona tangu wiki iliyopita ila sikutaka kukujibu juu juu, maana ulinichokoza mwenyewe. Eti maktaba itawaunganishaje watu wakati ukiingia tu unaambiwa nyamaza! Nilicheka, halafu nikakaa nikawaza, kwa sababu ukiangalia harakaharaka una pointi, mahali gani hapo pa kukutanisha watu ambapo hata ukikohoa unajiona umekosea.

Sasa ngoja nikupe stori ya meza yetu. Naiita yetu lakini hakuna aliyetugawia, ni ile ya dirishani yenye soketi moja na kila asubuhi tunajikuta walewale. Kuna mzee anaingia mlango ukifunguliwa tu, anafungua gazeti polepole kabisa lisipige kelele. Kuna binti anajiandaa na mtihani, daftari lake limepigwa rangi ya njano karibu kila mstari (sijui sasa lipi ndo la muhimu). Kuna jamaa anatafuta kazi, kila siku anarekebisha sivii ileile. Na mimi. Miezi kama mitatu hivi hatukuwahi kuongea zaidi ya "naomba chaja".

Basi kuna wiki mzee hakuonekana. Siku ya kwanza kimya. Ya pili nikamwona binti anakiangalia kile kiti, na jamaa naye hivyohivyo. Ya tatu binti akaninong'oneza, "hivi babu yuko wapi?" Swahiba, kumbe muda wote tulikuwa tunahesabiana! Tukaenda wote watatu kwa mkutubi, akatunyima namba ya mzee, na alifanya sawa maana taarifa za mwanachama si za kugawa ovyo, ila akampigia mwenyewe. Mzee mzima wa afya, miwani tu ilivunjika, akaona aibu kuja kukaa na gazeti asiloweza kulisoma. Aliporudi ndo salamu zikaanza, na siku hizi ile sivii anaisahihisha yeye, kumbe enzi zake alikuwa karani.

Kwa hiyo kimya wala si tatizo. Kuanza kuongea na mtu usiyemjua ni kazi, ila kukaa naye meza moja unaweza. Na pale hakuna anayekuuliza umefuata nini wala hununui kitu ndo uruhusiwe kukaa, we nitajie sehemu nyingine ya hivyo.

Halafu kuna kitu cha Ferguson, kule Missouri, Marekani, sijui kama unakikumbuka. Agosti 2014, baada ya polisi kumpiga risasi na kumuua Michael Brown, kijana mweusi ambaye hakuwa na silaha, mji ulichafuka na shule zikachelewa kufunguliwa. Maktaba ya mji ikabaki wazi, walimu wakaenda kufundishia watoto mulemule kati ya rafu. Na mkutubi wa kuajiriwa muda wote alikuwa mmoja tu! Watu wa nje walivyosikia wakaanza kuichangia pesa. Mi naona haikuwa bahati, watu wakivurugwa wanakimbilia mlango walioshauzoea, mlango wa kuanza kuutafuta siku ya fujo utaupata wapi.

Wadenmark wao walienda mbali zaidi, mwaka 2000 kwenye tamasha la Roskilde walianzisha maktaba ambayo unaazima mtu badala ya kitabu, unakaa naye unamuuliza yale ambayo watu huwa wanamsemea pembeni. Nikikuazima wewe nadhani nitakurudisha kabla ya muda, haha.

Ila tusidanganyane, kero zipo. Ya kwetu inafungwa mapema mno, mtu akitoka kazini anakuta kufuli, sasa hapo unamuunganisha nani? Na faini, hilo we acha. Kuna kitabu nilikaa nacho hadi nikawa nakwepa kupita hata ule mtaa, si kwamba sikutaka kukirudisha, niliogopa yule dada wa kaunta atakavyoniangalia akiona ule muhuri wa tarehe. Karibu mwaka mzima nimejifukuza mwenyewe. Ndo maana nilivyosoma kwamba maktaba za umma za Chicago zilifuta faini za ucheleweshaji mwaka 2019 nikawaelewa sana, vitabu vilianza kurudi kwa wingi na wenye vitabu nao wakarudi, maana anayeogopa faini mara nyingi ndo yule ambaye hana sehemu nyingine ya kwenda. Mi nilivyorudisha changu unajua dada aliniambia nini? "Afadhali umekuja, kuna mtu anakisubiri." Basi. Nikabaki namuwaza huyo mtu aliyekuwa ananisubiri bila kunijua, nikamwachia kikaratasi ukurasa wa mwisho, "samahani nimechelewa". Hajanijibu mpaka leo, labda na yeye kachelewa.

Ukija huku nitakupeleka, ila kile kiti cha mzee usikikalie. Hii barua naiandikia palepale mezani, betri imebaki asilimia 6 na soketi imekamatwa na binti, mtihani wake kesho kwa hiyo hata simuombi. Acha niishie hapa kabla haijazi