Zuhura, yule mama kwenye sarafu yako si Tyche

Shoga yangu Zuhura,

Salama huko? Mama hajambo? Mi huku Izmir, Uturuki, nipo, baridi imeshaanza lakini leo sikuandikii habari za baridi, nakuandikia sababu ya ile sarafu aliyokuletea shemeji kutoka Uingereza. Juzi nilikujibu haraka haraka kwamba kile kikaratasi cha duka kiko sawa, ni Tyche, yule mungu wa kike wa bahati ya mji. Nilikosea. Jana nimekaa na picha zako mpaka saa saba usiku, na nimeona bora nikuandikie yote vizuri maana ushaanza kuwahadithia watu.

Kwanza ukitaka kujua nani ni nani kwenye hizi sarafu za majimbo ya Roma achana na uso. Kitu chenyewe kidogo hivyo, sura zote zinafanana, na miaka karibu 1,800 imeshazilamba. Wewe tazama mikono, tazama kichwani, tazama miguuni. Tyche mkono mmoja anashika usukani wa chombo, ule wa kizamani uliokuwa kama kasia kubwa, unashuka mpaka chini kabisa, na mkono mwingine kabeba pembe imejaa matunda, na kichwani mara nyingi ana kitu kama pishi la kupimia nafaka. Sasa rudi kwa wa kwako. Ile fimbo tuliyoiita usukani haifiki chini, ni kijiti kifupi tu kakishika, na hicho ni dhiraa yaani kipimo cha kiwiko mpaka ncha ya kidole, kama bibi zetu walivyokuwa wanapima kitambaa dukani. Mkono wa pili hauna pembe wala nini, umepanda shingoni unavuta nguo mbele ya kifua. Halafu zumu pale miguuni, kuna duara lina mistari ndani, mi nilidhani kutu kumbe gurudumu. Dhiraa, gurudumu, mkono shingoni, basi huyo ni Nemesis, mungu wa kike anayemrudisha kwenye kipimo chake mtu aliyejikweza. Na ule mkono wa kuvuta nguo unaelezwa hivi, Wagiriki wakiogopa wamejisifu kupita kiasi walikuwa wanafungua nguo wanajitemea mate kifuani, kuepusha balaa.

Sasa yale maandishi. Yanasomeka CMYPNAIΩN, hiyo C usiisome C, ni S yao ya wakati ule, na P ni R, kwa hiyo ni SMYRNAION, "ya watu wa Smyrna". Zuhura, Smyrna ndiyo Izmir hii hii ninayokuandikia! Na ile Γ kabla ya lile neno refu jingine ni namba tatu, mji ulikuwa unajitangaza kwamba unatunza mahekalu matatu ya wafalme wa Roma, sifa waliyoipigania sana na miji jirani. Upande wa pili ni Gordian wa Tatu, ndiyo maana ana uso wa kitoto, alitawazwa ana miaka 13 mwaka 238 na 244 akawa keshakufa.

Ila kilichoninyima usingizi ni hiki. Miji mingine kwa kawaida ilikuwa na Nemesis mmoja, Smyrna walikuwa nao wawili, na kwenye sarafu nyingine unawakuta wamesimama wanatazamana, mmoja na dhiraa mwingine na hatamu. Wenyewe walikuwa wanasimulia kwamba Alexander Mkuu alienda kuwinda mlima Pagos akachoka akalala chini ya mti, akaota hao wawili wanamwambia ajenge mji hapo na awahamishie watu wa Smyrna. Watu wakaenda kuuliza kwa kuhani wa mungu Apollo kule Claros, wakajibiwa watakaohamia Pagos watakuwa na heri mara tatu na mara nne. Wakaipiga ndoto yote kwenye sarafu, Alexander kalala, mti juu yake, kina mama wawili wamemsimamia. Pagos siku hizi ni Kadifekale, mi nimepanda, unaona ghuba nzima, na sikujua nimesimama kwenye ndoto ya mtu.

Ukikutana na nyingine za Smyrna, mama aliyekaa na simba pembeni na dufu mkononi ni Kybele, mungu mama, na mwenye shoka la makali mawili ni yule Amazoni, mwanamke mpiganaji wa hadithi za Wagiriki, ambaye walisema mji umeitwa kwa jina lake. Mwenzio wa jina, maana Aphrodite, mungu wa kike wa mapenzi, nyota yake ndiyo hiyo Zuhura, mtafute kwenye sarafu za mji wa Aphrodisias, kasimama wima kavaa vazi zito limegawanywa mistari mistari kama sanduku, hafanani kabisa na yule wa masanamu ya marumaru.

Na tafadhali usiisugue! Umesema unataka kuipiga ndimu kama sinia la shaba, nakuomba usithubutu, ule ukijani ndio umeishika hiyo sarafu, ukiutoa na gurudumu linaondoka nao. Badala yake iweke mezani usiku, zima taa, washa tochi ya simu ubavuni kushoto iwe chini chini, piga picha, halafu hamisha tochi kulia upige tena. Kisha ipeleke kwa sonara akupimie uzito kwa gramu, usimwachie, kaa hapo hapo. Ukipata nitumie, nataka kuangalia kama kichwani amevaa kitu.

Wako,
Mwanaidi