Risala ya Klabu ya Sayansi kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Maonyesho ya Sayansi Shuleni

Mheshimiwa mgeni rasmi, Mwenyekiti wa Bodi ya Shule, Mkuu wa Shule, walimu, wazazi na walezi wetu, wanafunzi wenzetu: shikamooni, na karibuni sana. Tunakushukuru, mheshimiwa, kwa kuacha shughuli zako ukaja kuketi nasi. Turubai halikutosha na jua limewafikia wengine, mtuwie radhi.

Mheshimiwa mgeni rasmi, kila mwaka klabu yetu huonyesha volkano ya magadi na siki, na hata wadogo zetu wa shule ya msingi wameshaichoka. Safari hii tumechagua kitu kisichoonekana kwa macho: chembe za nano zenye chapa ya molekuli.

Aliyewahi kufyatua matofali anaijua kalibu. Wakemia nao hutengeneza kalibu, ila wao huanza na tofali lenyewe. Huchukua molekuli wanayotaka kuitambua, huizungushia molekuli ndogo za kutengenezea plastiki, ziitwazo monoma, kisha huziunganisha zikawa polima, yaani plastiki yenyewe. Molekuli ile ya kwanza ikioshwa ikatoka, linabaki tundu lenye umbo lake. Ikipita molekuli nyingine ya aina ile, hunasa humo.

Lakini umbo peke yake halitoshi, na hapa ndipo sisi wenyewe tulipobishana wiki nzima. Mwaka 1993, Klaus Mosbach na wenzake wa Lund, Sweden, walionyesha plastiki iliyoitambua theofilini, dawa ya pumu, ikaiacha kafeini ipite. Molekuli hizo mbili ni kama mapacha: kafeini imezidi kikundi kimoja tu cha methili, yaani kaboni moja na hidrojeni tatu. Siri ni kwamba ndani ya tundu kuna sehemu zinazovutana na molekuli, kila moja mahali pake. Ukizisogeza kidogo, mvuto unapotea.

Kisa kilichotuvutia zaidi kinahusu sumu ya nyuki. Ndani yake mna melitini, mnyororo wa asidi amino 26, vipande vinavyojenga protini, unaotoboa utando wa seli. Katika Chuo Kikuu cha California, Irvine, Kenneth Shea, Yu Hoshino na wenzao walitengeneza chembe za plastiki zenye chapa ya melitini. Ukubwa wake ni nanomita 50 hivi. Zikipangwa mstari, 20,000 hutimiza milimita moja. Mwaka 2010 walitoa matokeo ya panya hai. Panya waliodungwa melitini peke yake walikufa. Waliodungwa chembe hizo mara baada ya sumu, vifo vyao vilipungua sana, na sumu ilionekana imebebwa hadi kwenye ini. Watafiti waliziita kingamwili za plastiki, kwani kingamwili ni protini ambazo mwili hutengeneza ili kunasa vijidudu na sumu.

Kwa nini tunalisema hili hapa? Kingamwili halisi hutumika katika vipimo vingi vya maradhi, lakini hutoka kwa viumbe hai, na nyingi huharibika zikikosa jokofu. Umeme ukikatika siku mbili, kazi imekwisha. Plastiki huvumilia joto. Hatusemi kwamba kesho zahanati zetu zitakuwa na vipimo vya plastiki ya namna hiyo. Protini kubwa bado zinasumbua: hukunjuka wakati wa kutengeneza kalibu, au hukwama ndani zisitoke.

Sisi hatukutengeneza chembe hizo. Tuliomba kujaribu, mwalimu wetu wa kemia akakataa, maana akrilamidi, mojawapo ya monoma zinazotumika, ni sumu ya neva kabla haijawa polima, na maabara yetu haina hata feni ya kutoa hewa chafu. Tulinuna, ila alikuwa na haki.

Kwa hiyo, mheshimiwa, tuna maombi mawili. La kwanza ni mizani ya kupima miligramu, kwani tuliyo nayo haisomi chini ya gramu moja, na hata myeyusho wa mazoezi ya mtihani tunaukadiria. La pili ni usafiri wa siku moja, twende maabara ya kemia ya chuo kikuu tukaone polima ikitengenezwa.

Meza yetu iko chini ya mwembe. Utakuta kibao chenye tundu na vinyago viwili vya udongo vinavyofanana kabisa, kimoja tumekifichia sumaku za spika mbovu, zinazovutana na zile tulizoficha ndani ya tundu. Tunakuomba uvitie tunduni kimoja kimoja, kisha ugeuze kibao.

Tunaomba kuwasilisha.