Mdogo wangu, vidonge usiviache kimyakimya

Mdogo wangu,

Mama kanipigia simu. Alikuwa anafua lile koti lako la bodaboda, akakuta pakiti za vidonge mfukoni, hata kimoja hakijatolewa. Naandika hadharani, jina lako silitaji, kwa sababu wapo wengi wenye kifafa wanaowaza kama wewe na wanaona haya kuuliza.

Najua utakavyonijibu: miaka mitatu hujaanguka, umepona. Inawezekana. Ila utajuaje kama umepona wewe, au ni dawa inayokushikilia? Uingereza waliwafuatilia watu zaidi ya 1,000 waliokuwa wamekaa angalau miaka 2 bila kuanguka. Majibu yalitoka 1991. Miaka 2 baadaye, katika kila 100 walioendelea na dawa, 78 walikuwa hawajaanguka tena. Kwa walioachishwa, 59. Kwa hiyo walioacha, zaidi ya nusu walisalimika, na waliomeza kila siku nao wengine waliangushwa. Ukitaka kuacha sikukatazi. Nagombana na hii ya kuacha kwa kificho.

Wale walioachishwa Uingereza walipunguziwa dozi kidogo kidogo, kwa miezi, daktari akijua. Fenobabito, hiyo dawa yako ya kifafa, ukiikata ghafla unaweza kuanguka mfululizo, hujazinduka la kwanza linakushika la pili, na hiyo inaua mtu. Kumbuka pia kukesha kijiweni na pombe ya wikiendi, vyote vinakiita kifafa.

Kwetu Mahenge tusijifanye hatukijui. Dkt. Louise Jilek-Aall alianzisha kliniki ya kifafa kule mwanzoni mwa miaka ya 1960, enzi ambazo mtu akiangukia motoni wengi waliogopa kumgusa, eti povu lake linaambukiza. Mkono wa shangazi umeuona: vidole vimeshikana, kijiko anakishika kwa kiganja. Yeye aliangukia jikoni. Wewe utaanguka ukiwa na abiria nyuma, pengine na mtoto mgongoni. Tena pikipiki yenyewe, hata ukiwa unameza dawa, mimi sijawahi kuipenda.

Nenda kliniki wiki hii, usisubiri tarehe yako. Beba pakiti zote, mwambie daktari umeacha tangu lini, usipunguze hata siku moja. Usimeze viwili viwili kufidia. Kama nia yako ni kuacha, mwambie hivyohivyo, akupangie. Pikipiki mwachie mwenzako kwanza. Hesabu ya bosi nitaituma mimi.

Dada yako